Tutazame Mizizi Kabla ya Kununua Dawa

Wanachama wenzangu,

Imekuwa desturi yetu kila masika yanapokwisha kuja mkutanoni na malalamiko ya miche iliyokufa. Huyu asema miche aliyopewa imenyauka yote, yule asema kitalu kilimpa mibovu, na wa tatu asema ni yale maradhi ya kufa ghafla yamerudi. Safari hii limezuka na pendekezo: fedha za chama zinunue dawa ya ukungu, igawiwe kwa kila mwanachama anyunyizie miche yake. Mimi silikubali pendekezo hilo, na naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze sababu zangu. Sikatai dawa kwa kuwa ni dawa. Ninachokataa ni kununua dawa ya maradhi ambayo hatujayatazama yalipo.

Shamba langu la urithi liko Pemba, upande wa Mtambile, lakini biashara imenileta Mpanda, katika Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012. Huku ni bara ya mbali, juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, nchi ya misitu ya miombo, ya asali na tumbaku. Mikarafuu hapana. Lakini watu wa hapa, kama watu wa kwetu, wapenda maua ya barazani: waridi, asumini na mengineyo yanayodumu mwaka hata mwaka katika vyungu, makopo na madebe. Na yale yanayoiua miche yetu katika viriba ndiyo yanayoyaua maua haya, maana mche katika kiriba na waridi katika chungu wana maisha ya namna moja. Wote wawili ni wafungwa. Mzizi hauna pa kukimbilia. Hunywa ulichopewa na huvuta hewa ulioachiwa.

Mpanda ina msimu mmoja tu wa mvua, tangu Novemba hata Aprili, na mvua yenyewe kwa mwaka ni kadiri ya nusu ya ile ya Pemba. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu, na ua la chungu huishi kwa mkono wa mwenyewe. Basi huonekana jambo hili: mtu aona waridi lake limelegea saa saba mchana, alionea huruma, alimwagia kopo la maji. Kesho limelegea tena, alimwagia makopo mawili. Baada ya juma moja majani yamekuwa manjano, baada ya majuma mawili limekufa. Aling'oapo akuta mchwa wachache katika mizizi iliyooza, naye husema: "Mchwa wameniulia ua langu." Huku kila kifo cha mti ni mchwa. Kwetu kila kifo cha mti ni kufa ghafla. Kila nchi ina mshitakiwa wake wa daima, na kwa kuwa ana jina baya tangu zamani, hapana anayetaka ushahidi.

Ni kweli kwamba mchwa wa miombo huua miche, na mkulima wa huku afanya vema kuwaogopa. Lakini aina nyingi za mchwa hupenda zaidi mti uliokwisha dhoofika au kufa. Fisi aliyekutwa kwenye mzoga si lazima awe ndiye aliyeua.

Sasa tuulize: jani hulegea kwa nini? Hulegea kwa sababu moja tu, kwamba maji yanayotoka katika jani yamezidi yale yanayoingia. Lakini sababu ya upungufu huo yaweza kuwa mbili zilizo kinyume kabisa. Yaweza kuwa udongo hauna maji. Au yaweza kuwa udongo umejaa maji, ila mizizi imekufa na haiwezi kuyavuta. Ukitazama jani peke yake huwezi kuzitenga hali hizi mbili, kwani kwa macho ni ugonjwa mmoja. Na tiba ya hali ya kwanza ndiyo sumu ya hali ya pili.

Mizizi hupumua kama sisi. Katika udongo mzuri mna matundu madogo, mengine yana maji na mengine yana hewa. Maji yakijaza matundu yote, oksijeni hupita kwa shida mno, kadiri ya mara 10,000 polepole kuliko inavyopita katika hewa. Mzizi hukosa pumzi, hudhoofika na kuanza kufa nchani. Hapo ndipo waingiapo waozeshaji. Mashuhuri kati yao ni Pythium na Phytophthora, viumbe visivyoonekana kwa macho ambavyo mbegu zake zina mikia na huogelea katika maji ya udongo mpaka kuufikia mzizi. Jina hilo la pili lilitolewa na mtaalamu wa Kijerumani, Anton de Bary, mwaka 1876, na maana yake ni mharibifu wa mimea. Mmoja wa jamii hiyo, Phytophthora cinnamomi, ulielezwa mara ya kwanza na mtaalamu Rands mwaka 1922 kutokana na midalasini ya Sumatra, na leo unajulikana duniani kote kwa kuozesha mizizi ya miparachichi. Sisi wenye midalasini na miparachichi kando ya mikarafuu tusiuone kuwa mgeni wa mbali.

Hapa pana jambo ambalo wenye pendekezo la dawa yafaa walisikie. Viumbe hivi vya maji hufanana na ukungu kwa sura, na zamani viliwekwa katika hesabu ya ukungu, lakini wataalamu wa leo wamevitenga, kwa kuwa mwili wake umejengwa namna nyingine. Kwa sababu hiyo dawa nyingi za ukungu hazivigusi kabisa. Tena pana mnyauko uletwao na bakteria, nao dawa ya ukungu haufanyi lolote. Pana uharibifu wa minyoo fundo, ambao si ukungu. Na pana mche uliozama tu, usio na ugonjwa wowote, na huo hapana dawa dukani isipokuwa kuacha kuumwagia maji. Basi tukinunua madumu ya dawa bila ya kujua tuna kipi kati ya hivi, huenda tukanyunyizia miche yote na tusiokoe hata mmoja.

Je, mtu wa kawaida aweza kujua? Aweza, tena bila ya chombo chochote ila mikono, pua, kisu na gilasi ya maji. Nitaeleza kwa taratibu.

Kwanza, atazame saa. Mche unaolegea saa saba na kusimama tena jioni mara nyingi ni joto na jua tu, uupe kivuli. Mche uliolegea alfajiri, baada ya usiku mzima wa ubaridi, huo una shida ya mizizi au ya shina.

Pili, anyanyue chungu au kiriba na kukipima kwa mkono. Kikiwa chepesi na mche umelegea, ni kiu, na maji yatautibu. Kikiwa kizito na mche umelegea, asitie hata tone. Ishara hii moja peke yake ingeokoa miche mingi kuliko duka zima la dawa.

Tatu, autoe mche. Kiriba kipasuliwe kwa ubavu. Chungu kipinduliwe huku shina limeshikwa baina ya vidole, kigongwe ukingoni mpaka donge litoke zima. Mizizi mizima ni imara na ina vijizizi vingi vyembamba. Rangi hutofautiana kwa mti na mti, basi asihukumu kwa rangi peke yake. Auvute mzizi mwembamba taratibu kwa vidole viwili: uliooza ni laini, na ganda lake huvuka kama ala na kubakia uzi mwembamba wa katikati. Anuse pia. Udongo mzima hunukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Udongo uliozama hunuka uchachu au yai bovu.

Nne, atazame vinundu. Minyoo fundo huvimbisha mzizi wenyewe, ukawa kama tasbihi. Vinundu vya jamii ya kunde ni vingine, vimeshikizwa ubavuni na hubanduka kwa kidole, wala si ugonjwa.

Tano, akate shina karibu na udongo. Akiona duara au mistari ya rangi ya kahawia ndani, na mizizi ilikuwa mizima, basi ugonjwa umo katika mishipa ya mti, kama ule mnyauko wa fuzari. Kipande hicho akitie katika gilasi ya maji masafi bila ya kukitikisa. Kikitoa uzi mweupe kama maziwa unaoteremka, ni bakteria. Wakulima wa nyanya waujua mtihani huu, na ni kheri na sisi tuujue.

Sita, atazame uso wa udongo na ukingo wa chungu. Unga mweupe ulioganda huonyesha chumvi iliyozidi, ama ya mbolea ama ya maji ya kisima. Chumvi ikizidi, mzizi hukosa maji ijapokuwa udongo umelowa, na ncha za majani huungua.

Na saba, atazame mzizi mkuu ulivyokaa. Mche uliodumu mno katika kiriba kifupi mzizi wake hujizungusha chini kama kamba. Mche huo waweza kuwa wa kijani siku unapokabidhiwa, ukaanza kuteseka baada ya kupandwa shambani, na mwenyewe akadhani amerogewa shamba.

Baada ya mambo hayo saba, na kabla yake sivyo, ndipo mtu aseme ana ugonjwa gani.

Najua jibu la baadhi ya wazee wetu: kwamba maradhi ya kufa ghafla yapo, na wao wameyaona. Hapana anayebisha. Maradhi hayo yaliandama mikarafuu ya visiwa hivi tangu karne ya 19, na yaliteketeza miti mingi. Wataalamu Nutman na Roberts, katika uchunguzi wao uliotangazwa miaka ya 1950, waliyahusisha na ukungu walioupa jina la Valsa eugeniae. Lakini kumbukeni tabia yake: kwa kawaida hushika miti mikubwa iliyokwisha kuzaa, na hufanya kazi mizizini kabla ya kuonekana majanini. Mche wa mwaka mmoja katika kiriba kilichojaa maji si ushahidi wa kufa ghafla. Na kwa wenzetu wa Indonesia, ambao ni wakulima wa karafuu wakubwa kuliko sisi, mikarafuu ilikuwa ikifa kwa namna inayofanana, hata ikabainika kuwa mwuaji ni bakteria, waitwao leo Ralstonia syzygii, wanaochukuliwa na wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Vifo viwili vyafanana, lakini kimoja ni ukungu na kimoja ni bakteria wenye kubebwa na mdudu. Lau wale wangeridhika na jina la kurithi, mpaka leo wangekuwa wakipiga dawa mahali pasipo na adui.

Sasa niseme juu ya namna tunavyoilea miche yetu, maana tukiifungua mizizi hapana budi tutakayoyakuta mengi ni ya mikono yetu.

Wengi twajaza viriba kwa udongo wowote ulio karibu. Udongo wa kinamo wa bondeni, ambao ni mzuri kwa mpunga, katika kiriba huwa kama matofali: ukilowa haukauki, ukikauka haulowi. Mkarafuu hautaki miguu iliyosimama majini. Wataka kichanga kirefu kinachopitisha maji. Udongo wa kiriba uchanganywe na mchanga na mboji iliyooza barabara, mpaka ukiufinya mkononi ushikane na ukiugusa uvunjike.

Kadhalika iko desturi ya kutia kokoto chini ya chungu ili maji yapite upesi. Karibu kila nyumba huku Mpanda wafanya hivyo, na kwetu pia. Lakini kokoto hazisaidii. Chukua sifongo lenye umbo la tofali, ulilowe, ulilaze juu ya kiganja mpaka likome kudondoka. Kisha lisimamishe wima. Litadondosha maji mengine, bila ya kukamuliwa. Ndivyo ulivyo udongo: sehemu ya chini kabisa hubaki imelowa, na kadiri udongo ulivyo mrefu ndivyo mizizi ya juu inavyopata nafasi kavu. Ukitia kokoto, umefupisha udongo na kuipandisha ile sehemu ya tope karibu na mizizi. Heri kuongeza matundu chini na kujaza udongo mzuri mpaka chini. Na kile kisahani cha kupokea maji chini ya chungu kimwagwe kila baada ya kumwagilia.

Viriba visikae juu ya ardhi tupu inayotuama. Viwekwe juu ya kokoto au chanja, maji yatoke na matope ya mvua yasirukie majani. Shina lisizikwe kupita pale lilipokuwa kitaluni. Na maji yatiwe kwa haja. Kidole kiingizwe mpaka kiungo cha pili, kikitoka na ubichi, subiri.

Mche ukikutwa umeoza kidogo, mizizi mibovu ikatwe kwa kisu safi, mche upandwe katika udongo mpya usiolowa sana, majani yapunguzwe, ukae kivulini. Ukikutwa umeoza zaidi ya nusu, utupwe mbali pamoja na udongo wake, na chungu kioshwe na kuanikwa juani. Udongo wa mche uliokufa usijaziwe mche mwingine. Wakulima wa tumbaku huhimizwa kuhamisha vitalu vyao ili maradhi ya ardhi yasirithiane, na sisi hatuna sababu ya kuwa wazembe kuliko wao.

Baadhi ya wenzangu watanijibu kwamba mche ukitolewa kiribani hufa, na kwamba mkarafuu una mizizi minyonge. Ni kweli kwamba una mizizi minyonge. Lakini mche uliotolewa na donge lake zima, ukatazamwa kwa upole na kurudishwa papo hapo, wastahimili. Na hata kama ungekufa, mche mmoja katika mia ni kodi ndogo ya kujua hali ya tisini na tisa iliyobaki. Wengine watasema wazee wetu hawakuwa na mambo haya. Wazee wetu wengi waliotesha katika matuta chini ya kivuli, mzizi ukaenda utakako. Kiriba ni jambo jipya, nalo lataka elimu mpya.

Tukumbuke pia hasara ni kubwa kuliko bei ya mche. Mbegu ya karafuu hailindiki ghalani. Ikikawia kupandwa hufa. Mche wake hukua polepole, hukaa kitaluni mwaka na zaidi, kisha mwenyewe hungoja miaka sita au minane kabla ya kupanda ngazi kuchuma. Mtu anayepoteza mche leo amepoteza miaka kama kumi ya umri wake, na baadhi yetu hatuna kumi nyingi za kuchezea. Mikarafuu yetu mingi imezeeka. Tusipoijazia nafasi, watoto wetu watarithi mashina.

Kwa hiyo badala ya dawa, natoa mapendekezo matatu. La kwanza, malalamiko yoyote ya miche iliyokufa yaletwe na miche mitatu katika viriba vyake: mmoja uliokufa, mmoja ulioanza kunyauka, na mmoja mzima wa mahali hapo hapo. Bila ya kulinganisha na mzima, ubovu haujulikani. La pili, siku ya kupokea miche kutoka kitalu chochote, mmoja katika kila mia ufunguliwe mbele ya mtoaji na mpokeaji, na wote wawili watie sahihi waliyoyaona. Hapo mwenye kitalu mwaminifu atalindwa na lawama za bure, na asiye mwaminifu hatatuuzia mizizi iliyosokotana. La tatu, panapobaki shaka, sampuli ipelekwe kwa Bwana Shamba na kwa wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar. Ipelekwe mizizi pamoja na udongo wake, isipelekwe jani peke yake. Ifungwe vizuri, isilowekwe, isiachwe juani, na iandikwe mahali na siku ilipotolewa. Huku Katavi watu hutazama kituo cha utafiti cha Tumbi, Tabora, ambako ni safari ndefu ya gari moshi. Wa visiwani njia yetu ni fupi, na hatuna udhuru.

Wataalamu wakitutajia ugonjwa kwa jina lake na dawa yake, mimi nitakuwa wa kwanza kuunga mkono fedha zitoke. Mpaka siku hiyo, kura yangu ni hapana, na nawasihi na ninyi mzuie zenu mpaka mtakapokuwa mmefungua viriba vyenu na kutazama.

Ni mimi, mwanachama wenu aliye Mpanda.